Mtani Si Ndugu

Chikongola, Mtwara
6 Novemba 2023

Shangazi yangu Mwanahawa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Hawa anakusalimu sana, na mtoto ameota meno mawili ambayo tayari ameyajaribu kwenye kidole changu mpaka damu ikatoka. Baba aliniambia wewe simu huisikii tena hata ikibandikwa sikioni, na kwamba ujumbe wa maandishi unauita salamu za mtu asiye na adabu. Basi nimekaa chini nimeandika. Barua ataileta Mohamedi wa pikipiki, yule anayekuja huko Mahurunga kununua muhogo. Umpe majibu yeye yeye.

Nimepata kazi, shangazi. Mimi ni meneja utumishi wa kiwanda cha kubangua korosho, kwenye njia ya kwenda Mpapura. Watu mia tatu na arobaini wako chini yangu, wengi wao akina mama. Nakuandikia wewe kwa kuwa ulikuwa mnyapara wa kiwanda cha zamani miaka tisa, na nyumbani kila mtu anasema hukuogopa kiumbe.

Nimekuta vita, sikufichi. Siku yangu ya pili mnyapara mmoja, Frank, alimpiga mbanguaji sinia mdomoni kwa sababu ya korosho zilizovunjika. Mama wa watu alitema jino mezani, juu ya korosho za watu. Nilimfukuza Frank siku ileile. Siku ya tano wabeba magunia wawili walipigana kwa ndoano, mmoja akatobolewa shavu, ulimi ukaonekana kwa pembeni. Niliosha ile damu mwenyewe kwa sababu kila mtu alisimama kuangalia.

Halafu ikaja siku ya wageni. Mkurugenzi alikuwa anawatembeza wanunuzi, nami niko nyuma yao nimefunga tai. Tunaingia kwenye chumba cha boila, tunamkuta Josephu, Mngoni wa Songea, amemlaza Faraji, Myao wa Masasi, juu ya gunia na amemwekea panga shingoni. Anamwambia, "Leo nakuchinja, Myao, babu yako alitoroka lakini wewe hutoki." Na Faraji anacheka mpaka machozi. Hao wawili wamefanya kazi pamoja miaka kumi na moja. Najua ni watani, shangazi, mimi sikuzaliwa ulaya. Lakini wageni walirudi nyuma, mama mmoja akapiga yowe, na mkurugenzi akaniangalia mimi.

Nimeandika mwongozo wa mwenendo kazini, kurasa sita. Kupigana, kutukanana, kutishiana na kutaniana kwa makabila, marufuku. Onyo la kwanza, onyo la pili, la tatu unakwenda kwenu. Faraji na Josephu wamekuwa wa kwanza kupata. Niambie kama nimeanza vizuri.

Jambo jingine. Baba aliteleza akasema sikio lako la kushoto halikuharibiwa na mashine. Nilipomuuliza likaharibiwa na nini, akaanza kuzungumzia mvua.

Mwanao,
Shafii

Mahurunga
21 Novemba 2023

Baba yangu mdogo Shafii,

Marahaba. Nakuita baba kwa kuwa jina ni la baba yangu, si kwa kuwa una akili zake. Sisi hatujambo. Baba yako mguu unamsumbua, na ulimi haumsumbui hata kidogo, kama ulivyoona. Nguruwe pori wameingia kwenye muhogo wangu mara tatu. Wa mwisho nilimvunja mgongo kwa mpini wa jembe, majirani, Waislamu wenzangu, wakalalamika kwamba nimewachafulia njia. Nikawaambia waje wamzike kwa heshima zote.

Frank umefanya vizuri kumfukuza. Ningekuwa mimi ningempa na lile sinia aende nalo, kwa namna ninayoijua. Wa ndoano pia hawakustahili huruma.

Lakini hao wa boila waache. Nakuambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Kiwanda chetu tulikuwa nao wawili kama hao. Kutwa walikuwa wanatukanana, mama zao, mababu zao, mpaka sisi tunashika mbavu. Siku bomba la mvuke lilipopasuka, wote tulikimbilia mlangoni, mimi mnyapara nikiwa wa mbele. Mmoja alikuwa ndani. Mtani wake peke yake ndiye aliyegeuka akaingia kumtoa, na ngozi ya mikono ilimvuka kama soksi. Mwezi mzima alilishwa na yule aliyeokolewa, na kila tonge linakwenda na tusi lake.

Wewe umemkuta mtu anacheka na panga shingoni ukaona panga. Hukuona anacheka. Waite wote wawili, chana hizo barua za onyo mbele yao, uwaambie waendelee na kazi. Wageni hawachochei moto wa boila.

Sikio ni mashine. Usiniulize tena.

Shangazi yako,
Mwanahawa

Chikongola
14 Desemba 2023

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Barua yako ilikaa na Mohamedi siku kumi, anasema mvua, mimi nasema pombe. Hawa amekuwekea kitenge, kitakuja na safari ijayo.

Nimesoma ushauri wako kwa heshima, ila nisingeweza kuchana. Meneja akichana karatasi yake mwenyewe kwenye mwezi wa kwanza, nani atamsikiliza mwezi wa pili? Na nikwambie ukweli, mambo yamekaa sawa. Tangu Novemba hajapigwa mtu. Kumwagika damu hakuna, ukiacha mbanguaji aliyekatwa kidole na kisu cha mashine, na hilo ni la mashine.

Faraji na Josephu walipata onyo la pili tarehe ishirini na tisa. Josephu alimwambia mwenzake kwamba Wayao wakilala mdomo wazi nzi wanahama, na Jesca wa ofisini akasikia. Jesca ni mgeni, ameletwa na kazi kutoka Dodoma, alidhani ni ugomvi. Nilisaini. Toka hapo hawasemezani kabisa. Mmoja anachochea maganda, mwenzake anasoma kipimo cha mvuke, wanapeana vifaa bila neno. Mkurugenzi amepita mara mbili akasema sasa pale pamekuwa mahali pa kazi.

Kimya chao kinanichosha kidogo, nikiri. Ukipita pale unasikia moto tu.

Wako,
Shafii

Mahurunga
2 Januari 2024

Baba mdogo,

Marahaba. Kitenge kimefika na kimelowa. Mwambie Hawa ahsante.

Mamba amemchukua jirani yetu Bi Hadija mtoni, tarehe ishirini na sita, amebeba ndoo ya pili. Tulipata mkono na kanga, tukazika hivyo. Watani zake wa Kimakua walikuja kutoka mbali, wakalala kwenye kaburi wakasema hatufukii mpaka tupewe mwili mzima, wakamtukana mamba, wakamtukana na marehemu kwa kupenda maji masafi. Mumewe alikuwa hajala siku mbili. Alicheka, halafu akalia, halafu akala. Nakueleza hayo ili ujue kazi yao ni ipi.

Watu wawili wanaopeana vyuma vya moto bila kusemezana, mimi nisingelala.

Mwanahawa

Chikongola
9 Februari 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani ni wazima. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinakwenda kama kuku.

Josephu alifiwa na mtoto wake, Sabina, wa miaka tisa, homa ya siku tatu. Walimsafirisha Songea, wakazika tarehe ishirini na saba Januari. Faraji hakwenda msibani. Sijui kwa nini. Josephu alirudi kazini Jumatatu, amekonda, hakusalimu mtu.

Jumatano saa nne, wakati wa chai, nilikuwa nimesimama mlangoni pa boila na daftari. Faraji alimpelekea Josephu kikombe cha chai. Kwa mara ya kwanza tangu Novemba alifungua mdomo, na alisema kwa sauti ili kila mtu asikie, "Mngoni, nasikia mmezika bila mimi. Mlimzika kweli yule mtoto, au mlimla njiani mkafukia sanduku tupu?"

Nilimwona usoni, shangazi. Alikuwa anatabasamu huku midomo inamtetemeka.

Josephu alichukua chuma cha kuchokolea moto. Pigo la kwanza lilivunja bega, nilisikia mfupa. La pili lilipiga kichwa juu ya sikio. Faraji alianguka kinyumenyume kwenye karai la mafuta ya maganda, yakiwa ya moto. Unayajua hayo mafuta, hata ya baridi yanakula ngozi. Alipiga kelele mara moja, halafu hakupiga tena. Nilimvuta kwa mkono wa kulia, na kipande cha mgongo wake kilibaki kwenye kiganja changu. Josephu aliweka chuma chini, akaketi kwenye gunia, akasubiri polisi.

Faraji yuko hospitali, hajitambui. Josephu yuko mahabusu. Kampuni imeandika maelezo kwamba ni chuki ya kikabila ya muda mrefu, na kwamba hawakusemezana miezi miwili na zaidi, kwa hiyo alikusudia. Nimetakiwa kuyatia saini kabla ya mwisho wa mwezi. Usiniambie kwamba uliniambia. Naomba.

Shafii

Mahurunga
20 Februari 2024

Shafii,

Salamu baadaye.

Sitakuambia kwamba nilikuambia. Nakuuliza jambo moja. Unasema Faraji hakwenda msibani na hujui kwa nini. Myao ambaye mtani wake wa kazini wa miaka kumi na moja amefiwa haachi kwenda, hata kwa miguu. Mtu wa kiwanda haendi popote bila ruhusa, na mwenye ruhusa ni wewe. Kwa hiyo unajua. Ungekuwa hujui usingeandika kwamba hujui, ungeandika mambo mengine.

Sasa nitakuambia la sikio, kwa sababu naona unaelekea nilikopita mimi.

Mwaka themanini na sita nilikuwa na mbanguaji anaitwa Fatuma. Alikuja kwangu asubuhi akasema mtoto wake anachemka, aende nyumbani. Madebe yake ya korosho ya siku ile hayajatimia. Nilimwambia maliza kwanza. Alimaliza saa tisa, akafika akakuta mtoto amefunikwa shuka. Aliporudi baada ya siku tatu, mimi nilimwambia anadaiwa madebe ya siku tatu. Hayo ndiyo maneno yangu ya pole. Alichukua nyundo ya mti ya kubangulia akanipiga hapa, mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeshaanguka. Damu ilitoka sikioni na puani. Baba yako ndiye aliyenibeba.

Mahakamani waliniuliza, je, mshtakiwa aliomba ruhusa siku mtoto alipokufa? Nilisema hapana. Neno moja tu. Alifungwa miaka mitano. Baba yako alikuwa amekaa nyuma akanisikia, na toka siku hiyo anapenda kuzungumzia mvua.

Fatuma yuko hai, yuko Mpapura. Nikimwona mnadani napita njia nyingine, mwanamke wa miaka sabini najificha nyuma ya magunia. Watu wanadhani sisikii. Nasikia sana, mwanangu. Nasikia mimi nikisema hapana.

Kama kuna karatasi, usiichome. Kama hujatia saini, usitie.

Mwanahawa

Chikongola
30 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Hawa hajambo. Mtoto sasa ana meno sita. Mimi nimepungukiwa mawili ya mbele, na sababu utaiona mbele.

Karatasi ilikuwepo. Tarehe ishirini na tano Januari Faraji alileta fomu ya ruhusa, siku nne, safari ya Songea. Kwenye fomu yangu kuna mstari unaouliza uhusiano na marehemu. Aliandika mtani wa baba wa marehemu, kwa herufi kubwa, kwa taabu. Nami nikaandika chini kwa kalamu nyekundu: Mtani si ndugu. Imekataliwa. Kumbuka una maonyo mawili. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Bosi, nisipokwenda, nani atamchekesha?" Nilimwambia afunge mlango akitoka. Ana watoto wanne, hakuthubutu onyo la tatu.

Kwa hiyo Josephu alizika akitazama njia. Faraji aliporudiwa na mwenzake alitaka kumfanyia kazi yake ya msibani, akachelewa siku kumi na moja, mahali ambapo mimi nilikuwa nimeshawafundisha kwamba maneno yale ni matusi.

Siku walipolazwa mmoja hospitali na mwingine mahabusu, nilitoa ile fomu kwenye faili nikaificha chini ya godoro la mtoto. Barua yako iliponifikia nilikaa nayo siku kumi. Nilikuchukia, sikufichi. Nilisema huyu bibi anataka nifukuzwe ili alale yeye. Halafu, maelezo ya kampuni nikiwa sijayatia saini, nikaichukua ile fomu pamoja na nakala za maonyo yote manne, nikampelekea wakili wa Josephu. Nilimwambia kimya chao hakikuwa chuki, kilikuwa amri ya ofisi, na amri niliitoa mimi. Mkurugenzi alinipa nusu saa niondoke. Walinzi walinisukuma getini, na mmoja wao, ambaye nilimwandikia onyo Desemba, alinipiga teke la kiuno ambalo nadhani alikuwa amelitunza.

Tarehe ishirini na saba nilikwenda gerezani kumwonyesha Josephu nakala ya ile fomu. Alisoma kwa kidole. Alipofika kwenye neno mtani kidole kilisimama. Alirudi juu akasoma jina la mwombaji, akarudi chini. Halafu alipiga paji la uso kwenye ukuta, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, damu ikamwingia machoni, askari wawili wakamkalisha kwa nguvu. Alipotulia aliuliza Faraji anaendeleaje.

Faraji alikuwa amekufa alfajiri ile. Mimi ndiye niliyemwambia.

Hakulia. Aliuliza wanazika lini. Nikasema kesho, Masasi. Akauliza ni mtani gani atakuwepo, nikasema sijui. Akaniambia, "Basi utakwenda wewe. Utasema nitakayokuambia, hata neno usipunguze." Alinifanya niyarudie mara mbili kama mtoto wa madrasa.

Nilifika Masasi jeneza likiwa bado uani, wanaume wamejipanga kulinyanyua, wanawake ndani nyuma ya pazia. Kila mtu alijua mimi ni nani. Mkono wangu umefungwa bendeji. Nilisimama mbele ya jeneza nikazuia njia nikasema kwa sauti, "Faraji, Myao mvivu, umekufa ili usimalize zamu. Nisubiri hapo hapo mlangoni, na ukianza kula kabla sijafika nitakuvunja na mguu."

Kaka yake alinipiga ngumi ya mdomo kabla sijafunga mdomo. Nilianguka, nikasikia meno yangu mawili yamelala juu ya ulimi. Mwingine akanikanyaga kifua, wa tatu akaokota jembe la kaburi. Simlaumu hata mmoja. Mimi ni Mmakonde, sina utani nao, na mtu wao wamemwona alivyotoka kwenye yale mafuta.

Sauti ikatoka ndani, ya mke wa Faraji, Asia. "Mwacheni. Hayo si maneno yake. Hayo ni ya Josephu, ningeyajua hata usingizini." Jembe likabaki hewani. Halafu alicheka, shangazi. Alicheka peke yake kule ndani, kwa sauti kubwa, na kicheko kikageuka kilio, na hapo ndipo wanawake wote walipoanza kulia. Waliniambia ilikuwa mara ya kwanza Asia kulia tangu alfajiri ya jana yake. Kaka yake alinishika kwapani akaniinua, akanipa nafasi kwenye jeneza, upande wa nyuma. Nilibeba kwa mkono wa kushoto.

Kesi sasa ni ya mauaji. Wakili anasema kwa zile karatasi anaweza kupigania iwe kuua bila kukusudia, nami ndiye shahidi. Wataniuliza kama marehemu aliomba ruhusa. Nitasema ndiyo, aliomba, na ni mimi niliyekataa.

Kazi sina. Baada ya Idi nitakuja Mahurunga kukusaidia na hao nguruwe. Nikitokea nina kithembe usinicheke sana, na tukirudi mjini tupitie Mpapura, nitakusindikiza mpaka mlangoni kwa Fatuma.

Mwanao,
Shafii